Aliye Juu Mngoje Chini: Kwa Nini Chama cha Rais Hupoteza Kura Kati ya Muhula, kwa Kurejelea Masasi na Newala

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu zinazofanya chama cha rais aliye madarakani kipoteze kura katika chaguzi zinazofanyika kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Nadharia nne zilizotokana na uzoefu wa Marekani na Ulaya zinaelezwa, kisha zinapimwa kwa hali halisi ya wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Inadaiwa kwamba mpigakura wa huko haazimii kumwondoa rais, bali hutumia ngazi ya chini ya utawala, ambayo ndiyo aliyo karibu nayo, kumpelekea rais habari. Kwa hiyo kura zinazopotea ni habari inayofika mapema. Pale ambapo mlango wa habari hiyo hufungwa, habari haikomi, bali hutafuta njia nyingine.

1.0 Utangulizi

Katika nchi nyingi ambamo rais huchaguliwa kwa kipindi maalumu, chama kinachoshinda uchaguzi mkuu kwa kishindo aghalabu hupunguziwa kura katika uchaguzi unaofuata kabla kipindi hicho hakijakwisha. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, ambako Baraza la Wawakilishi huchaguliwa lote kila baada ya miaka miwili, hali rais huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili hadi 2022, ni mara mbili tu, yaani 1998 na 2002, ambapo chama cha rais kiliongeza viti vyake katika Baraza hilo kati ya muhula. Mara nyingine zote kilipoteza. Mwaka 2010 chama cha Rais Barack Obama kilipoteza viti 63, na mwaka 2018 chama cha Rais Donald Trump kilipoteza viti 40. Marais hao walitofautiana karibu kwa kila jambo, lakini katika hili walifanana.

Tanzania haina uchaguzi wa aina hiyo. Rais, wabunge na madiwani huchaguliwa siku moja kila baada ya miaka mitano. Hata hivyo, si kweli kwamba kati ya siku hizo mbili mpigakura wa Tanzania hukaa kimya. Wapo wanaoitwa kupiga kura kwa sababu mbunge au diwani wao amefariki, amejiuzulu au amevuliwa kiti. Wapo pia wote wanaochagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Swali la msingi ni kama ile kanuni ya Marekani inafanya kazi katika chaguzi hizi na, ikiwa inafanya kazi, ni kwa sababu zipi.

2.0 Suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika mjadala wenyewe, hapana budi kutenganisha dhana tatu ambazo katika matumizi ya kila siku huchanganywa. Ya kwanza ni uchaguzi mdogo, yaani uchaguzi wa kujaza nafasi moja iliyoachwa wazi. Ya pili ni uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao hufanyika nchi nzima kwa wakati mmoja, lakini kwa ngazi ya chini kabisa. Ya tatu, ambayo haina istilahi iliyokwisha kuzoeleka, ni ule uchaguzi wa Marekani. Katika makala hii unaitwa uchaguzi wa kati ya muhula, na maneno chaguzi za kati yanatumika kwa aina zote tatu kwa pamoja.

Kivumishi -dogo katika istilahi ya kwanza kinaweza kumpotosha msomaji. Udogo unaotajwa ni wa eneo, si wa maana. Lugha ya magazeti ya Kiswahili yenyewe inalikiri jambo hili, kwani mara kwa mara matokeo ya uchaguzi mdogo huelezwa kuwa ni salamu ambazo wananchi wamezituma kwa chama tawala. Neno salamu hapa limebeba nadharia nzima. Salamu hupelekwa kwa mtu ambaye uhusiano naye bado upo. Mtu aliyekwisha kukatwa kabisa hapelekewi salamu. Aidha, salamu humfikia mkubwa kupitia kwa mjumbe, na mjumbe ndiye anayeonwa uso kwa uso.

3.0 Nadharia nne

3.1 Kujaa na kupwa

Maelezo ya kwanza yalitolewa na Angus Campbell (1960). Kwa mujibu wake, uchaguzi wa rais huwavuta watu wengi ambao kwa kawaida hawajishughulishi na siasa. Hao huja kwa sababu ya mvuto wa mgombea na msisimko wa kampeni. Miaka miwili baadaye msisimko huo hautakuwapo, nao hubaki nyumbani. Chama cha rais hupoteza si kwa sababu watu wamekigeuka, bali kwa sababu bamvua iliyokiinua imekwisha. Maji yaliyojaa hayana budi kupwa.

3.2 Hukumu

Edward Tufte (1975) alitoa maelezo tofauti. Alionyesha kwamba ukubwa wa hasara hufuatana na mambo mawili, nayo ni hali ya uchumi na kiwango cha kuridhika kwa watu na utendaji wa rais. Uchaguzi wa kati ni baraza la hukumu. Samuel Kernell (1977) aliongeza kuwa katika baraza hilo wanaohudhuria kwa wingi ni wale walioudhika, kwa kuwa aliyeridhika hana haraka ya kwenda kusema kwamba ameridhika.

3.3 Mizani

Alberto Alesina na Howard Rosenthal (1995) waliona kwamba wapigakura wa msimamo wa wastani huogopa chama kimoja kushika kila kitu. Wakishajua rais ni wa chama gani, hulipa bunge uzito wa upande wa pili ili mizani isawazike.

3.4 Uchaguzi wa daraja la pili

Karlheinz Reif na Hermann Schmitt (1980), walipochunguza uchaguzi wa kwanza wa Bunge la Ulaya wa mwaka 1979, walibaini kwamba wapigakura waliuona uchaguzi huo kuwa wa daraja la pili. Kwa kuwa serikali haikuwa hatarini kuanguka, watu walijitokeza wachache zaidi, vyama vidogo vilipata kura nyingi zaidi, na vyama tawala viliadhibiwa. Adhabu hiyo haikuwagharimu waliyoitoa.

4.0 Mazoea ya kutenganisha kichwa na mikono

Katika Tanzania, mazoea ya kumbakiza rais na kuwaadhibu walio chini yake ni ya zamani kuliko vyama vingi. Mwaka 1965, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Rais Julius Nyerere alipigiwa kura za ndiyo au hapana, akapata ndiyo zaidi ya asilimia 95. Katika majimbo, wagombea wawili wa chama hichohicho walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Katika uchaguzi huohuo wapigakura waliowaangusha wabunge wengi waliokuwa madarakani, wakiwamo mawaziri. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikuwa mmoja wao. Mpigakura aliyetia ndiyo kwa rais na kumwangusha waziri wake hakujipinga mwenyewe. Alikuwa akitumia nafasi aliyopewa.

Baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992, mazoea hayo yalipata uwanja mpya. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso wilayani Masasi, alichaguliwa kuwa rais kwa asilimia 61.8 ya kura. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1996, Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilipoteza jimbo la Temeke katika uchaguzi mdogo, likaenda kwa Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Tarehe 1 Aprili 2012, chini ya Rais Jakaya Kikwete, chama hicho kilipoteza Arumeru Mashariki kwa CHADEMA. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 14 Desemba 2014, CCM ilipata takriban asilimia 80 ya uenyekiti wa vijiji na theluthi mbili ya uenyekiti wa mitaa, ilhali mwaka 2009 ilikuwa imepata zaidi ya asilimia 90 ya vijiji. Miezi kumi baadaye, katika uchaguzi mkuu wa 2015, mgombea wake wa urais, John Magufuli, alipata asilimia 58.5, kiwango cha chini kuliko vyote katika chaguzi za vyama vingi hadi hapo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikwisha kuonekana.

5.0 Masasi na Newala: kalenda ya korosho

Mji wa Newala umekaa juu ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, katikati ya vilima vya mawe. Ardhi ya uwandani ni ya kichanga na hunywa maji yote ya mvua, hivyo kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo mlima. Tangu miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa maji wa Makonde, maji yamekuwa suala la siasa katika eneo hilo. Lakini linalotawala mwaka wa mkulima, Masasi na Newala pia, ni korosho.

Historia ya zao hili inatosha kueleza kwa nini wakulima huifuatilia serikali kwa karibu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulienea. Kuanzia 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, nazo hupimwa, huwekwa ghalani na kuuzwa mnadani kupitia chama kikuu, yaani TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Katika miaka ya mwanzo alilipwa kwa awamu. Malipo ya kwanza aliyapata mapema, na ya pili baada ya mauzo.

Mfumo huo ulikusudiwa kumkinga mkulima na wanunuzi wa kangomba, ambao hununua kwa kipimo cha ovyo kutoka kwa mtu mwenye shida ya haraka. Lakini pia ulibadili anwani ya lawama. Zamani bei mbaya ilikuwa kosa la mfanyabiashara. Sasa kila hatua, tangu mzani hadi makato, ilikuwa na mkono wa chombo kinachosimamiwa au kuruhusiwa na serikali. Malipo ya pili yalipochelewa au kupungua, mkulima alijua pa kuelekeza macho yake.

Hapa ndipo kalenda inapokuwa na uzito. Uchaguzi mkuu kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Oktoba, wakati msimu wa mauzo ndiyo kwanza unaanza na bei bado ni tumaini. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 ulifanyika Desemba, na zile za 2019 na 2024 zilifanyika mwishoni mwa Novemba, wakati minada imekwisha kuanza na bei imekwisha kujulikana. Kwa hiyo mpigakura wa Masasi na Newala huchagua rais akiwa na ahadi, lakini huchagua mwenyekiti wa kijiji akiwa na stakabadhi mkononi. Hukumu aliyoieleza Tufte ina tarehe yake hapa.

6.0 Nadharia mbele ya hali halisi

Nadharia ya kujaa na kupwa inafaa kwa kiasi. Uchaguzi wa kijiji hauna fulana, malori wala wasanii wa muziki. Isitoshe, una orodha yake ya wapigakura, tofauti na daftari la kudumu, hivyo mtu hulazimika kujiandikisha upya. Anayejitokeza ni yule mwenye neno la kusema. Lakini nadharia hii haielezi kwa nini anayesema aseme hivi wala si vile.

Nadharia ya mizani haifai jinsi ilivyo. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumsawazisha rais. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, mamlaka ya kijiji yako katika mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti ndiye anayeuongoza. Anaweza kuuitisha au kuuchelewesha, na anaweza kuruhusu au kuzima swali juu ya mapato na matumizi. Kumchagua mtu wa chama kingine si kutafuta mizani ya sera, bali ni kuweka mlinzi mlangoni. Hili ni jambo ambalo waandishi waliochunguza mabunge hawakuwa na sababu ya kuliona.

Nadharia ya daraja la pili ndiyo inayokaribia zaidi ukweli, kwa sharti la kuirekebisha. Kwa Reif na Schmitt, ngazi ya chini haina uzito, ndiyo maana hutumika kutoa adhabu. Masasi na Newala ngazi ya chini ina uzito mkubwa kwa maisha ya kila siku. Inatumika kwa sababu ndiyo inayofikika. Methali isemayo aliye juu mngoje chini kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni nasaha ya subira. Katika siasa inaweza kufasiriwa pia kuwa ni maelezo ya mahali. Huko chini ndiko mpigakura anakomngoja mkubwa, na anayemkuta huko ni mwakilishi wake.

Kuna kizuizi kimoja ambacho Marekani hakipo kwa namna hiyo. Sheria ya Tanzania hairuhusu mgombea asiye na chama. Hasira haiwezi kupigiwa kura mpaka ivikwe shati la chama fulani, na katika vijiji vingi shati hilo halikuwapo kwa sababu vyama vya upinzani havikuwa na mtu wa kusimamisha. Hii ni sababu mojawapo ya tofauti iliyoonekana mwaka 2014 kati ya mitaa na vijiji. Wingi wa kura za chama tawala vijijini si lazima uwe kipimo cha kuridhika. Mara nyingine ni kipimo cha umbali wa ofisi ya chama kingine.

7.0 Mlango unapofungwa

Yaliyotokea kusini kati ya 2012 na 2020 yanaonyesha kwa nini suala hili si la wataalamu wa takwimu peke yao. Desemba 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga gesi ya mkoa huo kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Januari 2013 vurugu zilizoanzia kwenye mgogoro kati ya polisi na vijana waendesha bodaboda ziliikumba Masasi. Ofisi za serikali, ofisi za chama tawala na nyumba za viongozi zilichomwa moto. Aprili mwaka huo, huko Liwale mkoani Lindi, nyumba za viongozi zilichomwa kwa sababu ya malipo pungufu ya korosho. Mei yakafuata machafuko ya Mtwara mjini. Wakati huo hapakuwa na sanduku la kura karibu.

Masanduku yalipokuja, sehemu ya ghadhabu hiyo iliingia humo. Mwaka 2015 jimbo la Ndanda, lililomo wilayani Masasi, lilimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA, na Tandahimba, wilaya iliyokatwa kutoka Newala, ilimchagua Katani Ahmed Katani wa CUF. Masasi mjini na majimbo yote mawili ya Newala yalibaki CCM. Ulikuwa ujumbe uliopimwa, wala haukuwa mafuriko. Ni dhahiri kuwa mbunge aliyechaguliwa kwa sababu watu wana hasira ni hasara ndogo kwa nchi kuliko ofisi iliyochomwa kwa sababu hiyohiyo.

Mwelekeo uligeuka baada ya hapo. Katika chaguzi ndogo za kata 43 za tarehe 26 Novemba 2017, CCM ilishinda kata 42. Wabunge wa upinzani walianza kujiuzulu kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, na baadhi yao, kama wa Kinondoni na Siha mwaka 2018, walirejea bungeni kupitia chama tawala. Kwa mtazamaji wa mbali, kanuni ya kupoteza kati ya muhula ilikuwa imevunjika.

Lakini korosho zilisema lingine. Juni 2018 mabadiliko ya sheria yaliondoa sehemu ya ushuru wa mauzo ya nje iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao hilo, na wabunge wa Mtwara na Lindi, wakiwamo wa chama tawala, waliyapinga. Oktoba 2018, katika minada ya mwanzo, wakulima walikataa bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa biashara, akaagiza korosho zote zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300 na jeshi lizisombe. Malipo kwa baadhi ya wakulima yalichelewa sana. Kukataa kuuza kulikuwa namna ya kura. Kulimfikia rais moja kwa moja kwa sababu njia ya katikati ilikuwa imeziba.

Tarehe 24 Novemba 2019 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikuu vikajitoa, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 99. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulitoa matokeo yanayokaribia hayo. Asilimia kama hiyo ina kasoro moja kwa mtawala mwenyewe, nayo ni kwamba haimwambii kitu. Haimwonyeshi tofauti kati ya kijiji kilicholipwa na kisicholipwa. Katika uchaguzi mkuu wa 2020 Mwambe na Katani walirudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Lakini Mtwara Vijijini, jirani yao, likawa mojawapo ya majimbo mawili tu ya Tanzania Bara yaliyompa ushindi mbunge wa upinzani. Habari ilikuwapo, ila mwaka mmoja kabla haikuwa na pa kuandikwa.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba chama cha rais hupoteza kura katika chaguzi za kati kwa sababu tatu zinazokutana. Wale waliokuja kwa ajili ya rais hawaji tena, walioudhika huja, na adhabu inaweza kutolewa bila kuiangusha serikali. Mfano wa Masasi na Newala unaongeza mambo mawili. Kwanza, hukumu ya mpigakura hufuata kalenda ya riziki yake, hivyo tarehe ya uchaguzi ni sehemu ya matokeo. Pili, ngazi ya chini huchaguliwa kwa kuwa ndiyo anayoifikia, naye huitumia kulinda mali yake na kupeleka habari kwa wakati mmoja.

Kutokana na hayo, kura zinazopotea kati ya muhula hazistahili kuhesabiwa kuwa hasara tupu, hata na chama kinachozipoteza. Chama kilichopoteza vijiji mwaka 2014 kilipewa miezi kumi ya kujirekebisha, na mwaka 2015 kilishinda. Ni vigumu kuona ni miezi mingapi waliyopewa waliopata asilimia 99. Mkulima aliye juu ya uwanda akishika stakabadhi isiyolipwa atasema kwa vyovyote vile. Kinachoamuliwa na sheria za uchaguzi ni mahali atakaposemea: kituoni, mnadani au barabarani.